Njia za Matatu za Ng'ambo Ziandikwe Hadharani

Mkazi wa Mombasa akitaka kujua maana ya neno, hufungua kamusi. Akitaka kujua wakati wa swala, hutazama kalenda iliyobandikwa ukutani msikitini. Lakini akitaka kujua magari ya kumtoa Mikindani hadi Kiembeni, hana pa kutazama. Hana budi kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba katika shughuli hii anayeulizwa aghalabu ndiye anayenufaika na jibu. Makanga mwenye viti vitano vitupu hatakwambia kuwa gari lake halifiki uendako, seuze kukuelekeza kwa gari la mshindani wake.

Hoja yangu leo ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu kidogo. Njia za matatu ni jambo la umma. Yafaa ziandikwe kwenye ramani ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitazama, kuinakili, kuisahihisha na kuichapa. Na wa kuianza kazi hiyo katika Kisauni, Likoni na Changamwe ni sisi walimu pamoja na wanafunzi wetu.

Nazitaja sehemu hizo tatu kwa sababu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata wakazi 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kati yao, waliokuwa Mvita, yaani kisiwani penyewe, ni 154,171 tu. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, wanaishi ng'ambo. Ng'ambo ya maji, nieleweke, wala si ng'ambo ya Ulaya. Lakini ofisi kubwa, bandari ya zamani, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani na benki nyingi ziko kisiwani. Kila alfajiri mji huu hujimimina kwenye kisiwa, na kila jioni hujitapika tena.

Tazama basi jinsi maji yalivyotugawa. Mtu wa Kisauni huingia kisiwani kwa daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la kuelea la mwaka 1931. Mtu wa Changamwe hupitia Makupa. Mtu wa Likoni hana daraja la magari la kumwingiza kisiwani, ana feri. Na kwa kuwa matatu kwa kawaida haipandi feri, hushuka upande mmoja, akavuka na umati, akatafuta gari jingine upande wa pili. Anayetoka Kisauni kwenda Changamwe, ingawa kote kuwili ni bara, hana budi kukata kisiwa kizima, kwani hori la Tudor limelala katikati. Kwa hiyo safari ya kawaida ya mtu wa ng'ambo si gari moja bali ni magari mawili, au matatu, na kila mahali pa kubadilisha gari ni mahali pa kupotea, pa kucheleweshwa, au pa kutozwa nauli ya mgeni. Mwenyeji hayaoni haya, maana ameyazoea. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeshuka garimoshi pale Miritini na sanduku lake, akiwa ameambiwa tu kwamba chuo kiko Tudor.

Tatizo hili si letu pekee, wala dawa yake si ndoto. Nairobi ilikuwa hivyo hivyo. Mnamo mwaka 2012 wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, walianza kuzipanda matatu za jiji hilo, simu mikononi, wakirekodi kila gari linapopita na kila linaposimama. Upande wa Nairobi kazi iliongozwa na Profesa Peter Waiganjo Wagacha na wenzake; upande wa Marekani walikuwako Sarah Williams na Jacqueline Klopp. Mradi ukaitwa Digital Matatus. Mwanzoni mwa mwaka 2014 ramani ikatolewa, ikiwa na njia zaidi ya 130, na data yake ikaachwa wazi kwa yeyote aitakaye. Kabla ya hapo magari hayo yalikuwa yamebeba watu kwa miongo kadhaa bila ya kuwapo karatasi moja iliyoyaonyesha yote pamoja.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hiyo ni ugumu walioukuta. Mtindo wa kuandika njia za mabasi ili kompyuta izisome ulibuniwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa kampuni ya Google na shirika la mabasi la mji wa Portland, Marekani. Ni mafaili ya maandishi matupu tu: moja la vituo, jingine la njia, jingine la safari, jingine la saa. Mtindo huo ulidhani kwamba basi lina ratiba. Matatu haina ratiba, huondoka ikijaa. Mtindo ulidhani kwamba kituo ni mahali palipojengwa na kupewa jina. Kwetu kituo ni pale abiria wanapogonga bati. Ilibidi watafiti waamue wenyewe kituo ni nini, na waandike muda wa kukadiriwa pale ambapo wenzao wa Portland waliandika dakika kamili. Mwanafunzi akifikiria jambo hilo kwa makini, atakuwa amejifunza juu ya elimu ya kompyuta, na juu ya nchi yake, zaidi ya anayopata katika sura nzima ya kukariri.

Jambo jingine ni umbo la ramani iliyochapwa. Waliichora kwa mistari ya rangi iliyonyooshwa, mfano wa ile ya treni za chini ya ardhi za London, iliyochapwa kwa umma mwaka 1933 kutokana na mchoro wa Harry Beck, fundi wa michoro ya kihandisi. Beck alitambua kwamba msafiri aliye ndani ya treni hajali umbali wala kona. Anataka kujua wapi abadilishe na vituo vingapi vimebaki. Mombasa ingechoreka hivyo kwa urahisi kuliko Nairobi. Kisiwa kingekaa katikati kama kitovu. Mstari wa Kisauni ungepanda kaskazini na kugawanyika. Wa Changamwe ungeelekea magharibi. Na feri ingechorwa kwa mstari mnene wa buluu, kwa kuwa nayo ni chombo cha abiria kama vyombo vingine, tena kinachokadiriwa kuvusha watu wapatao laki tatu kwa siku.

Sasa, ramani hiyo tuiandike wapi? Hapa nina msimamo. Wapo watakaosema kwamba simu zetu tayari zina ramani za makampuni makubwa, na kweli njia za Nairobi ziliingizwa katika ramani ya Google mwaka 2015. Sizidharau. Lakini ramani ya kampuni ni nyumba ya kupanga. Unaweza kuitazama, unaweza hata kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja, lakini huwezi kuichukua data yake ukaichapa katika kitabu cha shule yako, wala kujua itakuwaje kampuni ikibadilisha nia. Ramani huria ijulikanayo kama OpenStreetMap ni kitu kingine. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, katika nchi ambayo ramani za serikali ziliuzwa na kulindwa kwa haki ya kunakili. Huandikwa na watu wa kawaida, na yeyote huruhusiwa kuitumia almuradi aseme ameitoa wapi, na akiiboresha data yenyewe na kuitoa kwa umma, aiache wazi vilevile. Vijana wa Kibera waliitumia mwaka 2009 kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama shamba tupu. Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia katika mitaa inayofurika wakaichora nyumba kwa nyumba na mfereji kwa mfereji, katika mradi uliopewa jina la Kiswahili safi: Ramani Huria.

Katika ramani hiyo njia ya matatu huandikwa kama shada la maua: unachukua vipande vya barabara vilivyokwisha kuchorwa, unavifunga pamoja kwa utaratibu wake kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unaambatisha vituo, jina la njia, inakoanzia, inakopitia na inakoishia. Barabara moja yaweza kuwa katika mashada ishirini. Gari likirudi kwa njia nyingine, kama yafanyavyo mengi yanapoikwepa foleni, unafunga shada la pili la kurudia.

Na majina! Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopata kazi sawa na mwalimu wa jiografia. Steji ya Lights, upande wa Nyali, imeitwa kwa taa za barabarani. Nyumba za zamani za mtaa wa Buxton zilianza kubomolewa mwaka 2021, majengo mapya yakasimama, na makanga bado huita Buxton kama alivyoita baba yake. Mwembe Tayari ni sokoni na ni stejini, wala hakuna abiria anayesubiri kuona mwembe kabla ya kushuka. Kuna majina ya misikiti, ya maduka yaliyofungwa, ya wazee waliokufa, ya lami ilipokuwa ikiishia zamani. Ramani ya serikali haina nafasi ya majina hayo. Katika kipimo cha 1:50,000, ambacho ndicho watahiniwa wetu wa kidato cha nne wamekisoma miaka nenda miaka rudi katika mtihani wa jiografia, steji ya urefu wa mita 25 ni nusu milimita, kalamu huifunika. Ramani huria hukubali mahali pamoja pawe na jina rasmi, jina la wenyeji na jina la kale, yote matatu, na anayetafuta kwa lolote kati ya hayo hufika.

Lakini nisije nikaonekana nashangilia mashine tu. Sababu yangu kubwa ni haki ya abiria.

Si zamani sana nilipanda gari Buxton wakati wa magharibi, ubavuni limeandikwa Mtwapa. Tulipofika Bamburi makanga aligonga bati akatangaza kwamba gari linageuza. Tuliokwisha kulipa nauli ya Mtwapa tukashushwa kando ya barabara, na miongoni mwetu walikuwamo wasichana watatu wenye sare za shule. Mama mmoja mtu mzima akamwuliza, "Mwanangu, mbona hapo imeandikwa Mtwapa?" Kijana akajibu bila ya hasira yoyote, "Mama, hiyo ni rangi tu."

Nimelitafakari jibu lile mara nyingi. Rangi ile iliwekwa kwa sheria. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwezi Februari 2004, enzi za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, ziliamuru mstari wa manjano ubavuni na njia ya gari kuandikwa hapo. Leseni ya gari la abiria, ambayo siku hizi hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), nayo hutaja njia. Maana yake ni kwamba orodha ya njia ipo mahali fulani. Makanga anaijua kwa moyo, afisa anayo katika kabati au katika kompyuta yake, na anayelipa nauli ndiye peke yake asiyeiona. Mtu asiyeweza kuonyesha njia inaishia wapi hawezi kudai kwamba amekatiziwa safari. Atabaki kulalamika kwa mdomo, na mdomo wa makanga una nguvu kuliko wake.

Ramani haitalizuia gari kugeuza Bamburi. Simwahidi mtu muujiza. Lakini ikibandikwa stejini, ikaonyesha kwamba njia fulani inaishia Mtwapa na inapitia vituo hivi na hivi, yule mama angekuwa na kidole cha kuelekezea. Kaunti inayotaka kuhamisha steji ingelazimika kueleza kwa nini mstari umekatwa. Na anayepanga mahali pa kujenga kivuko cha watembea kwa miguu au zahanati angeona kwa macho mitaa ambayo mistari haifiki. Huko ndani ya Kadzandani na Mtongwe ambako mtu hutembea, au hupanda bodaboda kwa bei inayozidi nauli yote iliyobaki.

Katika masurufu hayo ya ramani, jambo moja ningeliacha nje: nauli. Mitindo ya kuandika njia ina nafasi ya nauli, na wengi watashawishika kuijaza. Nauli ya hapa hupanda mvua ikinyesha, hupanda saa kumi na moja jioni, hupanda mkesha wa sikukuu. Ukiandika bei, kesho itakuwa uongo, na ikiwa ya juu, makanga ataigeuza kuwa kiwango cha chini. Tuandike yale yanayodumu angalau mwaka.

Nije kwa walimu wenzangu. Najua shule nyingi za upili haziruhusu simu, na wala siombi sheria hiyo ivunjwe. Sehemu kubwa ya kazi haihitaji simu. Darasa la wanafunzi arobaini wanaorudi majumbani kila jioni ni macho arobaini ndani ya magari. Kila mmoja aandike katika daftari, kwa mfuatano, majina ya steji kutoka shule hadi anaposhuka, kwa namna yanavyotamkwa. Ramani huria huweza kuchapwa kwenye karatasi, mwanafunzi akatia alama kwa kalamu, kisha mwalimu au mwanafunzi wa chuo akaingiza alama hizo kwenye kompyuta. Mistari yenyewe, ile inayohitaji simu na setilaiti, waachiwe vijana wa vyuo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko pale pale Tudor, na njia zote tatu za ng'ambo hukutana umbali mfupi kutoka langoni kwake.

Yako mambo mawili ya tahadhari. La kwanza wenyeji wanalijua: simu isionekane dirishani gari likiwa kwenye foleni. Iwekwe mfukoni, setilaiti itaipata hata humo. La pili wengi hawalifikirii. Mstari uliorekodiwa kutoka shuleni hadi nyumbani huonyesha nyumba ya mtoto. Kabla ya kuupeleka popote, ncha zake mbili zikatwe, ibaki sehemu ya barabara kuu tu. Mwalimu asiyekuwa tayari kulisimamia hilo, asianze.

Wako watakaoniuliza ramani ya simu itamsaidia nini muuza samaki wa Kongowea asiye na simu ya aina hiyo. Swali ni zuri. Ndiyo maana nasisitiza ramani ichapwe na ibandikwe, kwa herufi kubwa, Likoni pande zote mbili za feri, sokoni Kongowea, na pale kwenye mzunguko wa Changamwe. Ramani isiyo huria huwezi kuibandika bila ya kuomba ruhusa. Wengine watasema njia hubadilika. Hubadilika kweli. Kivuko cha Mtongwe, tangu ajali ya tarehe 29 Aprili 1994 iliyoangamiza watu zaidi ya 270, kimefungwa na kufunguliwa zaidi ya mara moja, na kila mara maelfu ya watu wamebadilisha njia zao za kwenda kazini pasipo kumbukumbu yoyote kuandikwa. Kinachobadilika ndicho hasa kinachohitaji ramani ambayo mtu wa hapa anaweza kuisahihisha siku ile ile.

Kwa wakati huu ningeomba mambo mawili yatendeke. Mosi, walimu wa somo la uraia wawafundishe wanafunzi kuandika barua moja yenye maana. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza namna ya kuziomba. Barua iende kwa NTSA na nakala kwa kaunti: twaomba orodha ya njia zote za magari ya abiria zilizopewa leseni katika Kisauni, Likoni na Changamwe, zinakoanzia, zinakopitia na zinakoishia. Orodha hiyo ikilinganishwa na madaftari ya wanafunzi, tutajua ni magari mangapi yanayofuata leseni zake.

Pili, shule za Likoni zianze na barabara ya Dongo Kundu. Ilipokamilika mwaka 2024 mtu wa upande wa kusini aliweza kuifuata hadi Miritini kwa gari bila ya kugusa feri wala kisiwa. Barabara ikifunguka magari hulifuata jambo polepole, na habari zake hutembea kwa mdomo: fulani kasema kuna gari, fulani kalisubiri hadi adhuhuri hakuliona. Yupo mwanafunzi hapo Likoni ambaye shangazi yake hufanya kazi upande wa Miritini na bado anaamka saa tisa usiku kuiwahi feri. Jumamosi moja, wanafunzi wanne na daftari moja pande zote mbili za barabara ile, wangetosha kuandika gari lipi hupita, huanzia wapi, na la mwisho huondoka saa ngapi jioni.